Paka aliyeokotwa: chumba kimoja kwanza

Paka aliyekondeana, awe ametoka soko la Kibuye mjini Kisumu au umemkuta chini ya vibanda vya samaki ufuoni Dunga, usimwachilie nyumba nzima siku ya kwanza. Atajibanza nyuma ya friji, na ukimvuta atakuparura. Mtengee chumba kimoja. Kama unaishi chumba kimoja tu, zungushia pazia kona ya kitanda. Lalisha katoni ubavu, tandika leso kuukuu. Beseni la choo liwe na mchanga wa kina cha sentimita 5, mbali na chakula. Paka hukataa kula penye harufu ya choo. Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati atazama ndani ya katoni. Mwache humo.

Chakula ndipo wengi huua kwa huruma. Mwili uliokaa na njaa ukijazwa ghafla, madini kwenye damu hushuka na moyo unaweza kusimama. Siku 3 za kwanza mpe vijiko viwili vya mezani kila mlo, mara 5 kwa siku, kisha ongeza pole pole. Omena (dagaa wa ziwani) huanikwa chini, kwa hiyo ioshe mara tatu hadi maji yasibaki na mchanga, uichemshe dakika 10 bila chumvi, kitunguu wala mchuzi wa pakiti. Ugali mtupu haumfai: bila taurini, kirutubisho kilicho kwenye nyama na samaki, macho na moyo wake huharibika. Maziwa humharisha. Mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyokwisha kutolewa minofu, mchemshie supu tu. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyotoboa utumbo. Asipogusa chakula saa 24, mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwani ini la paka huharibika haraka akikaa bila kula.

Viroboto vitakukera, lakini usimpulizie dawa ya mende wala kumpaka ile ya kuogeshea ng'ombe. Dawa yenye pemethrini humtetemesha mpaka afe. Tumia kitana cha chawa, ukikichovya kwenye maji ya sabuni kila unapokipitisha. Panadol pia ni sumu kwake, hata kipande. Dawa ya minyoo hupimwa kwa uzito. Mwachie daktari, na umwombe chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo. Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali.

Kumzoesha ni kukaa tu. Keti sakafuni ukiwa umempa ubavu, bila kumkodolea macho. Akikutazama, fumba macho taratibu, uyafumbue. Siku atakapokujibu hivyo hivyo, mnyooshee kidole anuse. Mkia ukianza kupiga sakafu, au masikio yakilala nyuma, ondoa mkono.

Asitoke nje kabla ya wiki 3. Akitoka mapema hupotea akitafuta alikotoka. Mara ya kwanza mfungulie kabla ya mlo wa jioni, akiwa na njaa, kisha gonga sahani kwa kijiko, mlio ule ule aliouzoea chumbani.