Nigori: jinsi ya kuchagua, kufungua na kunywa sake ya machicha bila kuogesha meza

Wadau, naulizwa sana kuhusu nigori, ile sake (pombe ya mchele ya Kijapani) nyeupe nzito, kwamba mbona chupa moja ukifungua inatulia na nyingine inaruka mpaka darini. Mimi nasimama kaunta kwenye baa ya sake hapa Osaka, msimu wa baridi nigori tunafungua kila siku, kwa hiyo nawapa utaratibu ninaoutumia mwenyewe. Kabla ya bei na kabla ya jina la kiwanda jiulize kitu kimoja tu: hamira iliyomo ndani bado iko hai au imeshapashwa moto ikafa? Ukishalijua hilo mengine yote, kuhifadhi, kufungua, kutikisa, yanajipanga yenyewe.

Kidogo kuhusu inavyotengenezwa, sitakaa sana hapo. Kuna mchele, maji, hamira na koji, ambayo ni wali uliooteshwa ukungu maalum, ule ukungu unageuza wanga kuwa sukari na hamira inaila sukari hiyo hiyo inatoa alkoholi, vyote kwenye pipa moja kwa wakati mmoja, ndo maana inaweza kufika hata asilimia 20 bila kutoneshwa kama gongo. Uji unaopatikana unaitwa moromi. Sake ya kawaida uji huo unakamuliwa mpaka kinatoka kinywaji angavu kama maji, nigori inapitishwa kwenye wavu wa matundu makubwa, au inakamuliwa vizuri halafu machicha kiasi yanarudishwa. Kwa hiyo anayekwambia haijachujwa kabisa anatia chumvi, sheria ya kodi ya pombe ya Japani inataka sake ipite kwenye chujio hata kama chujio lenyewe ni la kubabaisha. Isiyochujwa kabisa ni doburoku, ina leseni yake tofauti. Kujitengenezea nyumbani kulipigwa marufuku mwaka 1899 na mpaka leo ni marufuku, doburoku utaikuta zaidi vijijini kwenye maeneo maalum yaliyoruhusiwa, au kwenye sherehe za mahekalu kama kule Shirakawa-go mwezi wa kumi. Aliyezoea busaa au komoni hataishangaa, nusu unakunywa nusu unatafuna.

Hatua ya 1: Soma lebo, hata kama Kijapani hujui

Tafuta herufi hizi, piga picha uweke kwenye simu. にごり ndo nigori yenyewe. 生 (nama) maana yake haijapashwa moto. 活性 (kassei) ina maana hamira bado inafanya kazi na gesi imo ndani, hapo kaa chonjo. 要冷蔵 ni lazima ikae kwenye friji, na 火入れ (hiire) imepashwa moto, kawaida kama digrii 60 hadi 65, hamira imekufa.

Angalia mtego mmoja hapa, ile 生 inatokea pia kwenye 生酛 (kimoto) ambayo ni njia ya zamani ya kuandaa kianzio cha hamira, haihusiani kabisa na kupashwa moto, na 生貯蔵 ni sake iliyotunzwa bila kupashwa halafu ikapashwa mara moja wakati wa kujaza chupa, kwa hiyo usione herufi moja ukakimbilia kaunta. Kama huelewi chochote angalia ilipowekwa: iliyokaa kwenye shelfu la kawaida pembeni ya mvinyo kwa vyovyote inatakiwa iwe imepashwa moto, na ukikuta ya 要冷蔵 imewekwa hapo basi toka kwenye hilo duka.

Hatua ya 2: Chagua uzito na utamu

Kama ni mara yako ya kwanza anza na usunigori, ile yenye weupe mwepesi tu, machicha kidogo chini. Zile nzito za kijiko ziache mpaka uzoee. Kuhusu utamu kuna namba inaitwa nihonshudo, ikiwa na minus ni tamu na ikiwa na plus ni kavu, yaani haina utamu, nigori nyingi za supamaketi zinashuka mpaka minus 10 na zaidi, zina utamu wa kitindamlo. Mlioko Marekani mtaikuta sana Sho Chiku Bai Nigori, inatengenezwa Berkeley, California, imepashwa moto, ni rahisi na tamu, kwa kujifunzia haina shida. Ukitaka isiyo na sukari nyingi tafuta Dreamy Clouds ya Rihaku kutoka Shimane. Perfect Snow ya Kikusui ina alkoholi asilimia 21, na sake ya kawaida ni 15 au 16, sasa utamu na uzito vinaficha makali, unainuka kwenye kiti ndo unajua ulikuwa unakunywa nini. Na ukipata ya mapovu ya Tsukino Katsura, wako Fushimi, Kyoto, wanauza nigori ya aina hiyo tangu miaka ya 1960, usiulize mara mbili.

Kwa maoni yangu usilipie daiginjo, lile daraja la juu la sake, kwenye nigori. Mchele wa daiginjo unakobolewa mpaka inabaki asilimia 50 au chini ya hapo ili upate ile harufu laini ya matunda, halafu unakuja kuifunika na machicha, ya nini? Junmai ya kawaida, yaani sake ya mchele tupu isiyoongezwa alkoholi, inatosha.

Hatua ya 3: Kuhifadhi

Simamisha chupa, siku zote. Nyingi za hai vifuniko vyao vina kitundu kidogo cha kutolea gesi, ukilaza inavuja na friji yako itanuka wiki nzima. Za hai zikae digrii 5 au chini. Zilizopashwa moto zinavumilia kabatini ila taa na jua vinaziharibu, hasa kwa vile chupa nyingi za nigori ni za kioo kisicho na rangi ili uone weupe wake, zungushia gazeti.

Hatua ya 4: Kufungua ya hai

Hapa ndo watu wanamwaga. Chupa ikae friji usiku mzima ikiwa imesimama, usiitikise, usiitoe ukaizungusha mezani kuwaonyesha wageni. Weka bakuli chini yake na kitambaa pembeni. Fungua kifuniko kidogo sana mpaka usikie tsss, utaona machicha yanaanza kupanda, yakifika shingoni funga. Subiri yashuke. Fungua tena, funga tena. Inaweza kuwa mara tano inaweza kuwa mara ishirini, nyingine inachukua dakika kumi nzima na hakuna njia ya mkato, na uzuri wake ni kwamba gesi inavyopanda inachanganya machicha yenyewe kwa hiyo hata huhitaji kutikisa. Ikishatulia ndo unafungua moja kwa moja.

Iliyopashwa moto wala haina stori, pindua chupa taratibu mara mbili tatu, fungua, mimina.

Hatua ya 5: Kunywa

Kabla ya kuchanganya mimina kidogo ile ya juu iliyo angavu, onja, halafu changanya, onja tena. Ni vinywaji viwili kwenye chupa moja na wengi wanakikosa cha kwanza. Glasi ndogo ya mvinyo inafaa, digrii 5 hadi 10. Kavu iliyopashwa moto unaweza kuipasha mpaka kama 45 kwa kuweka chombo kwenye maji ya moto, inakuwa laini sana siku za baridi, ila tamu ukiipasha inachosha, na ya mapovu iache hivyo hivyo ya baridi.

Chakula, weka pilipili. Huku kwetu inaenda na kimchi, ile kabichi ya Kikorea iliyochachushwa na pilipili, na nyama choma za mitaa ya Wakorea kule Tsuruhashi, mimi nyumbani naiweka na pweza wa nazi mwenye pilipili mbuzi, ule uzito wa mchele unapoza ulimi kuliko bia. Sashimi nyeupe, yaani vipande vya samaki mbichi mweupe, usiisumbue nayo, utaonja machicha tu.

Ukibakiza, ya hai imalize ndani ya siku chache, iliyopashwa moto wiki moja au mbili kwenye friji. Ikianza kuchachuka usimwage, changanya na chumvi kidogo, loweka vipande vya samaki usiku mmoja, pangusa vizuri maana machicha yanaungua haraka, kisha choma moto wa wastani.