Kuandaa mashua kuukuu ya mbao kwa mashindano ya matanga siku ya upepo mkali, Ziwa Victoria

Kijana mmoja wa Ggaba, karibu na Kampala, aliniomba nimsaidie kuandaa mashua kuukuu aliyoinunua, aingie nayo mashindano ya matanga upande wa Kaazi. Nayaandika tuliyofanya kwa yeyote mwenye chombo cha namna hiyo: mbao ndefu zilizopigiliwa kwenye mataruma (mbavu za ndani za mashua), mlingoti wa mbao, tanga kubwa na tanga dogo la mbele. Kama chako ni cha plaiwudi, ruka hatua ya 2, maana plaiwudi ikiloweshwa hubanduka tabaka kwa tabaka.

Hatua ya 1: Anga

Usiku pepo za nchi kavu huvuma kutoka pande zote na kukutana juu ya ziwa, hewa hupanda, na mvua ya radi huzaliwa. Masalia yake huweza kukukuta asubuhi. Soma utabiri wa ziwa unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda, kisha tazama kusini mwenyewe. Maji ya mbali yakigeuka meusi na wavuvi wakiwa wanarudi, wafuate wavuvi.

Hatua ya 2: Mishono ya mbao

Hapa ndipo penye kazi. Mashua ya mbao siku ya mawimbi hushindwa na maji ya ngama, yaani yanayokusanyika chini ya sakafu yake, kabla haijashindwa na upepo. Maji yakijaa chini, omo (sehemu ya mbele) hauinuki, na kila wimbi linalofuata linaingia kwa urahisi zaidi.

Mbao zilizokaa juani hunywea, ukaona mwanga kati ya ubao na ubao. Usizijaze zikiwa kavu! Zikilowa zitavimba, na kalafati (pamba ya kuzibia mishono) uliyoishindilia haitakuwa na pa kwenda. Ubao utasukuma ubao, misumari itang'oka, na taruma linaweza kupasuka.

Iweke mashua kivulini, tandaza magunia yaliyolowa ndani, uyamwagie maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Usiijaze maji ikiwa juu ya magogo. Mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 1,000, na ubavu umeundwa kusukumwa na maji kutoka nje. Kisha ishushe kwenye maji ya kiunoni, ifunge, iache inywe. Mwanzoni itavuja vibaya. Teka maji uendelee kungoja. Ikishatulia, ingia na tochi, utie alama kila panapotoka machozi. Ipandishe, ukalafati hapo tu: pamba safi yenye mafuta ya kitani, kwa patasi butu na nyundo nyepesi. Ukigonga kwa hasira pamba itatokea upande wa pili.

Silikoni usiiguse. Dukani watakuambia inashika kila kitu. Haishiki ubao uliolowa, na ikishaingia kwenye mshono, rangi haikai tena juu yake. Pamba ikichoka unaitoa kwa ndoano, unaweka nyingine.

Mshono wa kuchunguza kuliko yote ni ule kati ya mkuku (uti wa chini wa mashua) na ubao wa kwanza. Mlingoti unausukuma mkuku chini, na kamba zinazoushikilia zinavuta mbavu juu, kwa hiyo mshono huo ndio unaofunguka. Chombo kilicho kikavu kikiwa kimefungwa ufukweni huweza kuvuja kikianza kwenda bisho, yaani kuukabili upepo kwa kukata pembe. Kwa hiyo kijaribu mapema: tweka matanga siku ya upepo wa kadiri, nenda bisho kwa nusu saa, halafu inua mbao za sakafu utazame. Bila jaribio hilo mimi singekipeleka mashindanoni.

Neno kwa mafundi waliotoka pwani: huku hakuna minyoo ya baharini inayotoboa mbao, lakini maji matamu, hasa ya mvua, huozesha. Chomeka kisu chembamba pale taruma linapokutana na mkuku. Kikizama bila nguvu, hapo dawa ni kubadilisha ubao.

Hatua ya 3: Kupunguza tanga

Punguza ukiwa ufukweni. Kuongeza tanga majini ni rahisi kuliko kulipunguza katikati ya dhoruba. Funga kwanza pembe ya mbele, kisha pembe ya nyuma, na hiyo ya nyuma ivute chini na pia nje, tanga linyooke. Vikamba vya katikati ni vya kukusanya kitambaa tu. Vikibeba uzito, tanga kuukuu litachanika hapo hapo. Ukisikia kana (mkono wa usukani) inakuvuta sana, tanga kubwa bado limezidi.

Hatua ya 4: Vitu vya chomboni

Jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu, limefungwa kabla ya kusukuma chombo. Kisu. Ndoo mbili zenye kamba. Pampu ya mkono huziba kwa takataka za ngama, ndoo haizibi.

Hatua ya 5: Kuanza na kwenda bisho

Ishara ya kwanza hutolewa dakika 5 kabla, ya pili dakika 4, nyingine dakika 1. Anayepokea upepo kulia ana haki ya njia mbele ya anayepokea kushoto, ila usidai haki hiyo kwa ubavu wa mbao kuukuu. Anza nyuma kidogo, penye nafasi.

Wimbi likija, elekeza omo kidogo kwenye upepo ukipanda, ufike kileleni ugeuze pembeni, chombo kisidondoke kwa kishindo. Upepo ukipiga, legeza demani (kamba ya kuongozea tanga) kwanza, usukani baadaye. Chombo kilicholala ubavu huenda polepole na hunywa maji. Magugu maji yakinasa usukani, simama uyatoe.

Hatua ya 6: Upepo ukiwa nyuma

Kama unahofia kupindua tanga, yaani kulihamishia upande wa pili upepo ukiwa nyuma, usilipindue. Zungusha omo kupitia kwenye upepo. Utapoteza mita kadhaa, mlingoti utabaki mzima.

Radi ikikaribia, tua matanga, nenda ufukweni. Uamuzi wa kuendelea au kuacha ni wako, sheria za mashindano zinasema hivyo, na sheria hizo hizo zinakutaka umsaidie aliye hatarini kwanza.

Ukirudi, toa maji yote, inua mbao za sakafu, acha ngama ipate hewa, na uifunike mashua isinyeshewe, huku ukiiacha wazi kwenye omo na tezi (nyuma) upepo upite.