Kisanduku cha Rice Bowl: namna ya kukijaza Kwaresima hii kwa sisi tulioko Marekani

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Kila Jumatano ya Majivu ukitoka kanisani hapa Marekani unakuta mezani rundo la vikatoni bapa, watu wanachukua na wewe unachukua, ukifika nyumbani unakikunja kinakuwa kisanduku chenye tundu juu la kutumbukizia hela, alafu kinakaa juu ya friji mpaka Pasaka kina dola nne na sarafu mbili tatu. Hiyo ndo Rice Bowl ya CRS (Catholic Relief Services), shirika la misaada la maaskofu Wakatoliki wa Marekani. Wengi wetu tunakichukua kwa sababu kila mtu kachukua, kwahiyo acha nieleze kinavotakiwa kutumika maana kina utaratibu wake.

Kilianza 1975 huko Allentown, Pennsylvania, wakati wa ukame wa Sahel, ule ukanda wa Afrika kusini mwa jangwa la Sahara. Waumini walikula chakula rahisi, hela ambayo wangeitumia kwa chakula cha kawaida wakaitoa kwa wenye njaa, na 1977 ikawa programu rasmi ya CRS. Sio wazo geni hata kidogo, Wakristo wa Roma karne ya 2 walishafundishwa hivohivo, siku ya kufunga piga hesabu ya chakula ambacho ungekula alafu hiyo thamani mpe mjane au yatima. Kwahiyo kinachoingia kwenye kisanduku ni TOFAUTI, yaani kile ulichojinyima, chenji iliyobaki mfukoni ni kitu kingine kabisa.

Sa tofauti unaipataje. Chukua Ijumaa moja tu. Familia ya watu watano Ijumaa jioni kwa kawaida mnaagiza pizza na soda, tuseme dola 45. Ijumaa ya Kwaresima mama anapika ugali na maharage ya nazi na mchicha (au spinachi ya hapa), inakuja kama dola 10. Dola 35 inaingia kwenye kisanduku usiku uleule kabla vyombo havijaoshwa, mtoto mdogo ndo anatumbukiza. Ukisema nitaweka kesho hutaweka, kesho ina bili yake. Na kwa kuwa siku hizi hakuna anayetembea na kash, siku ya Majivu pita benki utoe noti ndogondogo, za dola moja na tano, ziweke kwenye bahasha jikoni, kila Ijumaa unahamisha kutoka bahasha kwenda kisanduku. Kile kikatoni ni chepesi, piga gundi ya karatasi chini kabla hujaanza la sivyo sarafu zitakitoboa.

Kuna wenzetu watasema sisi maharage ni kila siku, tujinyime nini? Haki kabisa. Basi tafuta kwingine: kahawa ya kununua asubuhi, bando la sinema, kucha, tiketi za bahati nasibu. Na nyie mnaokula kamba wa dola 40 Ijumaa kwa sababu sio nyama, sheria hamjavunja ila kisanduku hakijapata kitu. (Kufunga kwa hapa ni kuanzia miaka 18 hadi 59, Majivu na Ijumaa Kuu, kuacha nyama ni kuanzia 14, siku hizo mbili na Ijumaa zote za Kwaresima. Watoto hawabanwi ila kisanduku waachieni wao, wanakilinda kuliko sisi.)

Swali ambalo huwa linakuja: mimi kila mwezi natuma nyumbani, karo za wadogo zangu, dawa za bibi, si ndo sadaka yangu hiyo? Naelewa sana maana wote tuko humohumo. Ila kwa maoni yangu kumtunza mama yako ni wajibu, ungetuma hata isingekuwa Kwaresima. Sadaka inaenda kwa mtu ambaye humjui na hatakupigia simu kushukuru. Usipunguze ya nyumbani, weka kidogo juu yake, hata dola 2 kwa wiki inatosha.

Hela inagawanywa hivi: asilimia 75 inaenda kazi za CRS nje ya nchi, asilimia 25 inabaki jimboni kwako (jimbo la Kanisa, yaani diocese) kwa ajili ya njaa na umaskini wa hapahapa, mfano pantri za chakula cha bure ambazo ndugu zetu Wakongo waliofika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wanazifahamu vizuri. Na 2025 serikali ilipokata misaada ya nje CRS ilipata pigo kubwa, kwahiyo hivi visanduku sasa vina uzito kuliko zamani.

Kinachochanganya watu ni bahasha za michango kanisani. Ya Jumatano ya Majivu, kwenye majimbo mengi, ni ya Kanisa la Ulaya ya Kati na Mashariki. Dominika ya 4 ya Kwaresima kuna mchango wa CRS wenyewe, huo SIO Rice Bowl, usimwage kisanduku chako humo. Ijumaa Kuu ni Nchi Takatifu. Soma jina juu ya bahasha kabla hujaweka.

Na kama nia yako ni umisionari hasa, kulea waseminari na kujenga vigango, hiyo sio kazi ya CRS. Hiyo ni ya Mashirika ya Kipapa ya Kimisionari: Uenezaji Imani, Mtakatifu Petro Mtume ambalo ndo linasaidia seminari nyingi za kwetu, na Utoto Mtakatifu ambao wengi tuliimba tukiwa wadogo. Uliza ofisi ya misioni ya jimbo, kila jimbo lina mkurugenzi wake.

Hapo jumuiya zetu za Kiswahili zinaweza kuiga kitu. Uenezaji Imani ulianzishwa 1822 Lyon, Ufaransa, na kichwa chake alikuwa binti mmoja mlei, Pauline Jaricot, ambaye 2022 ametangazwa mwenyeheri. Alipanga watu kumikumi, wengi vibarua wa viwanda vya hariri, kila mtu sarafu moja ndogo kwa wiki, mmoja anawakusanyia wenzake tisa na kupeleka juu. Basi jumuiya yenye familia 30 itoe wakusanyaji watatu, kila mmoja ana daftari, Ijumaa baada ya Njia ya Msalaba anapita kwa watu wake, mwisho wa wiki anatuma kiasi kwenye grupu bila kutaja nani katoa ngapi. Hilo la mwisho tafadhali lizingatiwe, tunajuana.

Meseji ya WhatsApp ya "padre" anayeomba gift card kwa ajili ya misioni ni tapeli, hata picha ikiwa ya paroko wako mwenyewe. Piga simu ofisini.

Kurudisha: usibebe kilo ya sarafu kwa sekretari wa parokia. Mashine za sarafu za supamaketi nyingi zinakata zaidi ya asilimia 10 ukitaka kash, baadhi ya benki na credit union zinahesabu bure kwa wateja wao, uliza kwanza. Badilisha, andika cheki kwa jina la parokia, kwenye memo weka "CRS Rice Bowl", hapo unakuwa na kumbukumbu ya kodi pia, maana kuanzia mwaka wa kodi 2026 hata asiyeorodhesha makato (itemize) anaweza kuondoa sadaka ya hela kwenye mapato yanayotozwa kodi, mpaka dola 1,000, wanandoa wanaojaza pamoja 2,000, bora uwe na ushahidi. Ikiwa 250 au zaidi kwa mkupuo omba barua ya parokia. Parokia nyingi zinapokea Alhamisi Kuu au Pasaka, ukichelewa peleka tu ofisini wiki inayofuata, watapokea.