Mtoto Akichachamaa Garini: Hatua kwa Mzazi Anayeendesha Nairobi

Kazi yangu ni kuhudumia watoto wenye usonji na changamoto nyingine za ukuaji, na maswali ya wazazi mara nyingi huishia barabarani. Mtoto amejifungua mkanda, anamvuta mama nywele, anarusha viatu, anavuta kitasa cha mlango, na gari liko katikati ya Thika Road. Kumbuka hili kwanza: gari likiwa mwendoni, wewe ni dereva, basi. Kazi yako ni kulisimamisha salama. Kumtuliza mtoto ni kazi ya kabla ya safari na ya baada ya kusimama.

Kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, gari hukata karibu mita 14 kila sekunde. Ukigeuka nyuma sekunde tatu, umepita mita 40 na zaidi bila kuona boda iliyojipenyeza mbele yako.

Hatua ya 1: Tayarisha gari likiwa nyumbani

Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo mkalishe mtoto kiti cha nyuma upande wa kushoto. Hapo hafikii shingo yako, unamwona kwa kioo, na mlango wake unafungukia pembeni mwa barabara. Nyuma ya dereva hapafai kabisa. Katikati nako anafikia gia na breki ya mkono.

Kisha kufuli ya watoto. Fungua mlango wa nyuma uangalie ubavu wake, karibu na komeo. Kuna kiswichi kidogo, mara nyingi kikiwa na picha ya mtoto. Kisukume, magari mengine yanataka ukizungushe kwa ncha ya ufunguo. Kila mlango una chake. Usiridhike kwa kutazama tu: ingia nyuma, mlango ufungwe, uvute kitasa wewe mwenyewe. Ukifunguka, rudia. Madirisha ya stima yafunge kwa swichi ya mlango wa dereva.

Kama anajifungua mkanda, tafuta kifuniko cha kitufe chake, au mkanda wa mabega mawili uliotengenezewa gari na unaolingana na kimo na uzito wake. Usimfunge kwa leso wala kamba, hata kama umechoka namna gani. Ajali au moto ukitokea, hakuna atakayemtoa kwa haraka. Hata hicho kifuniko, kila mtu mzima anayepanda gari hilo ajue kukitoa.

Chupa za chuma, miavuli na vitu vingine vigumu viende kwenye buti. Anayerusha viatu avuliwe kabla hamjaondoka.

Hatua ya 2: Jua kinachomchokoza

Weka daftari. Kila anapochachamaa, andika yaliyotangulia: alikuwa na njaa? Joto? Honi, muziki wa matatu, simu kuisha chaji? Mtoto mmoja ninayemhudumia alikuwa akilipuka karibu na Pangani, na familia ikalaumu foleni. Daftari likaonyesha kwamba foleni aliivumilia vizuri. Alichoshindwa kuvumilia ni baba kukata kona kutafuta njia ya mkato. Siku hizi anaonyeshwa picha ya njia ya leo kabla ya kuingia garini, na wakati wa kulipuka umepungua sana.

Andika pia dalili zake za mapema. Wengine hurudiarudia swali moja, wengine huuma mkono au kuanza kupiga kiti. Ukiziona, anza kutafuta pa kuegesha wakati bado una nafasi.

Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, inavutia kwa kukwepa foleni, lakini ukiwa kule juu huna pa kuegesha mpaka utokee. Siku ambayo mtoto ameamka vibaya, pita chini, ukijua vituo vya mafuta vilivyo upande wako wa kushoto.

Hatua ya 3: Akilipuka mkiwa mwendoni

Mikono kwenye usukani, macho mbele. Usinyooshe mkono nyuma kumshika. Zima redio. Sema maneno yaleyale kila siku, kwa sauti ya chini: "Nimekusikia. Tunasimama." Usiongeze kitu. Maswali na vitisho vya "ngoja tufike nyumbani" vinachochea tu.

Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, washa indiketa ya kushoto, uingie kituo cha mafuta au maegesho ya duka. Breki ya ghafla itamrusha kama hana mkanda. Ila akikushika usukani au kukuziba macho, punguza mwendo usimame hapohapo ulipo, uwashe taa za hazadi. Kwenye foleni vuta breki ya mkono na uache matatu ya nyuma ipige honi. Usimshushe kati ya magari.

Hatua ya 4: Mkishasimama

Zima injini, chukua ufunguo. Akiendelea kukupiga, shuka, lakini angalia kioo kwanza kwa kuwa mlango wako unafungukia magari. Simama kando ya mlango wake, dirisha likiwa wazi kidogo. Usimwache peke yake, na usimlalie wala kumkandamiza kifua au uso. Anaweza kukosa pumzi. Msiondoke mara tu anaponyamaza. Ngoja apumue sawasawa na akubali mkanda.

Watu watajaa. Mtu mzima anayeshikana na mtoto anayelia "niache!" huonekana mwizi wa watoto, na umati wa Nairobi hausubiri maelezo. Weka garini karatasi ya herufi kubwa: "Huyu ni mwanangu. Ana usonji. Tafadhali mpeni nafasi." Kama ana kadi ya ulemavu, iwe karibu, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mwombe mhudumu wa kituo azungumze na watu wewe ukibaki na mtoto. Hali ikizidi, piga 999 au 112. Simu ya msaada kwa watoto ni 116.

Hatua ya 5: Baadaye

Usimhubirie jioni hiyo. Yakijirudia, acha kuendesha ukiwa peke yako naye: mtu mzima mwingine akae nyuma kulia, kiti cha katikati kikiwa wazi. Na kama tabia imebadilika ghafla, mpeleke kwa daktari na lile daftari. Sikio, jino, tumbo lililofunga au kifafa huweza kuwa chanzo kwa mtoto asiyeweza kusema anaumwa wapi. Kwa ambaye hajafanyiwa tathmini, KISE, yaani Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, kule Kasarani wana kituo cha kazi hiyo.