Ukuta wa matofari ya zamani unalowana? Acha penture kwanza

Hapa Lubumbashi manyumba ya wakati wa Elisabethville (jina la mji huu wakati wa Babeleji) mingi ni ya matofari ya kuchoma, na mwezi wa kumi na mbili utaona batu banapaka rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye kulowana juu ya sikukuu. Mwaka wenye kufuata imevimba, imebanduka, banapaka tena. Falanga ya bure.

Tofari ya zamani inakunywa maji na inaitoa, penture ya mafuta ao ya plastiki inafunga njia, basi maji inabakia ndani na chumvi yake, na ile chumvi ikikauka nyuma ya rangi inasukuma mpaka uso wa tofari unavunjika. Ule unga mweupe chini ya ukuta njo ile chumvi.

Tafuta kwanza maji inatokea wapi: gutieri (mfereji wa paa), tole (bati), bomba. Kisha zunguka nje, kama udongo ama sima ya lupango imepanda kupita pavema (sakafu) ya ndani, chimba, ishuke santimita 15 hivi chini yake (hapa njo shida ya manyumba mingi, mi naona). Una mashaka? Bandika plastiki ku ukuta kwa ndani, ziba pande zote, ngoja siku 2. Matone ikiwa nyuma ya plastiki, maji iko mu ukuta; ikiwa mbele, ni mvuke wa nyumba, fungua madirisha.

Rangi uitoe mvua ikikatika, mwezi wa tano, na mikono, pole pole. Mashine ya mchanga ao maji ya presha hapana, inatoa ngozi ngumu ya tofari. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi (plomb, ni sumu), kwa hiyo lowanisha, funga mdomo na pua, batoto bakae mbali. Kisha acha ukuta ukauke mpaka mwezi wa tisa, batu ba kazi banahesabia santimita 2.5 hivi ya unene wa ukuta kwa mwezi.

Mu majointi (kati ya matofari) tia shau (chokaa) 1 na mchanga 3. Masoni atabisha, atasema sima inashika sana; njo vile kabisa, inashika kuliko tofari, na tofari njo itapasuka.

Kupaka, tumia maji ya shau, nyepesi sawa maziwa, mara 3 ao 4 juu ya ukuta wenye kulowanishwa kidogo, kila mara siku yake, jua kali likipita. Shau hai (yenye haijatiwa maji bado) unaitia mu maji, usimwage maji juu yake, itachemka ikurukie ku macho. Na facade (ukuta wa mbele) yenye haikupakwaka rangi tangu mwanzo, iache vile.