Somo: Namna ya kutathmini utafiti wa kimaelezo kuhusu wauguzi wanaoacha kazi

Somo hili nimewaandalia wauguzi wanaojiendeleza kimasomo hapa Dodoma, ambao hupewa makala ya utafiti wa kimaelezo (unaochambua maneno ya watu, kama ya mahojiano, badala ya takwimu) na kutakiwa kueleza kama inaaminika.

Hatua ya kwanza. Soma swali la utafiti, kisha nenda moja kwa moja kwenye aya inayoeleza waliohojiwa ni nani. Mtafiti anayedai kueleza kwa nini wauguzi huacha kazi, ilhali amewahoji walio bado kazini peke yao, ametafiti nia ya kuondoka, wala si kuondoka kwenyewe. Mtu anaweza kutamani kuondoka kwa miaka 10 na asiondoke kwa sababu ya pensheni yake, na mwenzake akaondoka bila kunung'unika hata siku moja, kwa kuwa mume wake amehamishiwa mkoa mwingine. Angalia pia “kuacha kazi” kumepewa maana gani: aliyehama zahanati ya kijijini Kongwa kwenda hospitali ya mjini hafanani na aliyeiacha taaluma kabisa.

Hatua ya pili. Tafuta ni nani aliyeuliza, na aliulizia wapi. Niliwahi kusoma ripoti ambayo wahojiwa wote waliisifu menejimenti, nikashangaa, mpaka nilipofika kwenye sentensi moja iliyosema kwamba mahojiano yalifanyika katika ofisi ya muuguzi mfawidhi. Nani angethubutu kusema humo kwamba ratiba ya zamu hupangwa kwa upendeleo?

Hatua ya tatu. Linganisha dhamira zilizotajwa, yaani mawazo makuu ambayo mtafiti anasema ameyaona katika mahojiano, na maneno ya wahojiwa yaliyonukuliwa. Kwetu hatua hii ina mtego wake, kwani mahojiano hufanyika kwa Kiswahili na ripoti huandikwa kwa Kiingereza. Muuguzi akisema “nimechoka,” huenda ametoka zamu ya usiku, au huenda amechoshwa na dharau ya wakubwa wake. Mtafiti asiyeuliza zaidi ataviweka vyote chini ya wingi wa kazi.

Hatua ya nne. Hakikisha kibali cha maadili na ridhaa ya wahojiwa vimetajwa. Kisha unaweza kutumia maswali 10 ya CASP, orodha ya kumwongoza msomaji kupima ubora wa utafiti wa kimaelezo. Orodha ya COREQ ya mwaka 2007 ina vipengele 32, lakini hiyo hupima uripoti, yaani kama mwandishi ameeleza mambo yanayotakiwa kuelezwa kuhusu mahojiano yake: mwandishi anaweza kuvitimiza vyote na utafiti ukabaki dhaifu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Makala niliyopewa imehoji wauguzi 12 tu. Je, si wachache mno?

Jibu: Marahaba. Hapa hatukadirii asilimia, kwa hiyo idadi peke yake haikatai wala haikubali. Uliza kama mahojiano ya mwisho yalikuwa bado yanaleta jambo jipya, na kama hao 12 wametoka wodi na vyeo tofauti.

Swali: Ndugu mwezeshaji, je, matokeo ya Uingereza yanaweza kutumika Chamwino?

Jibu: Wataalamu Lincoln na Guba, katika vigezo vyao vya mwaka 1985 vya kupima kama utafiti wa kimaelezo unaaminika, walimtaka mtafiti aeleze mazingira yake kwa kina ili msomaji mwenyewe apime kama yanafanana na ya kwake. Zamu za usiku huchosha kote kuwili, ila wa Chamwino huenda anawazia pia nyumba ya mtumishi na umbali wa shule ya watoto. Kama makala haikueleza wahojiwa waliishi na kufanya kazi katika hali gani, huna cha kulinganisha.