Nchi mbili zikipatana, soma hivi kabla hujapakia mzigo

Mimi ni wakala wa forodha Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, mwaka wa 22 sasa. Viongozi wa nchi mbili jirani wakionekana tu kwenye taarifa ya habari wamepeana mikono, simu yangu haipoi. "Dada, wamepatana, nipakie?" Jibu langu ni lile lile: niletee kwanza karatasi waliyotia saini. Karatasi hiyo mfanyabiashara yeyote anaweza kuisoma mwenyewe, na hivi ndivyo ninavyoisoma mimi.

Anza na tarehe. Siku ya saini si siku ya kufunguliwa lango, na watu wengi huzichanganya. Rwanda ilifunga mpaka wake na Uganda pale Gatuna Februari 2019. Tarehe 21 Agosti mwaka huohuo Rais Kagame na Rais Museveni walitia saini hati ya makubaliano mjini Luanda, Angola ikiwa msuluhishi. Ndani yake waliahidi kurejesha shughuli za mpakani, watu na bidhaa, mapema iwezekanavyo. Chora mstari chini ya maneno hayo mawili popote utakapoyakuta. Hayana siku wala mwezi. Lango la Gatuna lilifunguliwa tarehe 31 Januari 2022, zaidi ya miaka miwili baadaye, na hata hapo malori ya mizigo ndiyo yaliyotangulizwa. Msafiri wa kawaida alisubiri hadi tarehe 7 Machi. Kwa hiyo swali la pili ni hili: wanafungua kwa nani? Lori, abiria, mwenye mzigo wa kichwani, au raia wanaorudi kwao tu? Kila mmoja ana siku yake.

Halafu tazama vitenzi. "Mpaka utafunguliwa tarehe fulani" ni ahadi unayoweza kuipangia gari. "Wataalamu watakutana kujadili" maana yake subiri wataalamu.

Sasa nenda kwenye masharti, na hapa nitakaa kidogo, maana paliniumiza. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Siku chache baadaye zuio likaondolewa. Mimi nilisikia "limeondolewa", nikamwambia mteja wangu wa Babati apakie tani 28. Kumbe masharti yalikuwa yameandikwa: mwagizaji awe amesajiliwa, kuwe na hati inayoonyesha mahindi yalilimwa wapi, na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Cheti hatukuwa nacho. Lori lililala foleni usiku nne, mvua ikapiga, na tulipofungua turubai magunia ya juu yalikuwa ya moto ukiyagusa. Mahindi yakipata moto ndani ya gunia yanaanza kuoza. Yule baba hakunigombeza. Aliingiza mkono kwenye gunia hadi kiwiko, akautoa, akanusa kiganja, akanyamaza. Tangu siku hiyo sisomi kichwa cha habari bila kuitafuta barua yenyewe na kuhesabu masharti moja moja, nikiandika pembeni: hiki ninacho, hiki sina.

Uliza pia kuhusu madeni na mali. Nchi hazigombani kwa maneno tu. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Nilikuwa na miaka sita. Shangazi yangu aliolewa ng'ambo ya mpaka, na moshi wa jiko lake tuliuona kutoka uani kwetu. Bibi alipofariki, shangazi hakupata ruhusa ya kuja kuzika. Marais Nyerere, Moi na Obote walikutana Arusha Novemba 1983, na tarehe 17 mpaka ukafunguliwa. Siku chache baadaye shangazi aliingia kwa miguu, mkononi miche miwili ya sabuni na kopo la mafuta ya kupikia, vitu ambavyo mwaka ule kwetu vilikuwa adimu kama dhahabu. Hakuketi. Alipita moja kwa moja hadi kaburini.

Lango lilitangulia, lakini hesabu za mali ya Jumuiya zilikuja tarehe 14 Mei 1984, palepale Arusha, kwa mkataba uliosimamiwa na msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht. Mali na madeni viligawanywa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Ukiona makubaliano yanasema nani atamlipa nani na kwa kiasi gani, hapo pana uzito. Yakilipita deni kimya kimya, kuwa na tahadhari.

Usiache vifungu vya mwisho. Kifungu cha 14.02 cha mkataba huo kilisema tu kwamba nchi tatu zitatafuta maeneo ya kushirikiana siku zijazo. Kwenye kifungu hicho ndipo waliposhika uzi, hadi mkataba mpya wa Jumuiya wa tarehe 30 Novemba 1999.

Mwisho, hakikisha kuna watu wa kuitekeleza karatasi. Ethiopia na Eritrea zilisaini tamko la amani Asmara tarehe 9 Julai 2018. Simu zikaunganishwa, ndege ikaruka mwezi huohuo, na Septemba lango la Zalambessa, mpakani mwa nchi hizo, likafunguliwa, watu wakikumbatiana wakilia. Taratibu za forodha na uhamiaji hazikuwa zimewekwa, na kabla mwaka haujaisha lango likafungwa. Piga simu mpakani uulize: ofisa wa forodha yupo dirishani? Amepokea waraka? Anatoza kiasi gani? Asipokuwa na waraka, hata rais akiwa amesaini, gari lako litasimama.

Ukisharidhika, usitume magari yote. Tuma moja, mzigo usioharibika, dereva mzoefu mwenye pasi na kadi ya homa ya manjano, nakala za hati zote ndani ya mfuko wa nailoni. Mimi husubiri anipigie kutoka Kajiado, upande wa Kenya. Akisema amepita na risiti anazo, ndipo namwambia mteja afunge turubai la gari la pili.